Kibiriti kilichonipeleka kwa shefu wa kartie

Simu ililia saa mbili asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Sauti ya mtu mzima, tulivu kupita kiasi.

"Njo wewe ulituma hii kitu hapa kwangu?"

Nilijibu kwa furaha, maana siku tatu nzima nilikuwa nangoja simu ya namna hiyo. "Ndiyo, Papa. Ni mimi mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Basi, saa nne tukutane kwa shefu wa kartie. Nitakuja na ndugu zangu."

Kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa! Hapo chai ikapoteza utamu.

Kazi yangu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni ekstenkteri. Kwa Kiswahili cha shule ni kizima-moto, lakini huku ukisema kizima-moto mtu anageuka kutazama barabarani akitafuta gari. Nazijaza, nazipima, nabadilisha mipira na valvu, na nikibahatika nauza mpya. Nilijifunza Bujumbura kwa mjomba wangu, nikarudi nyumbani na mzani, pampu, na imani kwamba mji huu utanigombania. Nani asiyejua moto wa Bukavu? Kadutu nyumba za mbao zimeegemeana mlimani kama watu waliochoka, makaa yanawaka ndani, nyaya za umeme zimeungwa na yeyote mwenye koleo, na vijia ni vyembamba hata toroli inapita kwa kuomba, sembuse gari la maji. Kiangazi kikifika, Juni hadi Agosti, hakuna asiyelala akinusa.

Kumbe bidhaa hiyo haijiuzi. Ekstenkteri ni kitu ambacho mtu akikinunua anamwomba Mungu asikitumie. Hakuna anayeamka akikitamani. Nilizunguka Nyawera, Nguba na Essence, duka kwa duka, na kila mahali nilipata jibu moja: "Patroni ametoka." Patroni yuko nyuma ya pazia, unasikia hata kikohozi chake, lakini ametoka.

Ndiyo maana mwaka 2017 nikaamua kuandika barua. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo: hapa kwetu hakuna mtu wa posta anayepita mlango kwa mlango. Barua ya kikazi inabebwa kwa mkono pamoja na kaye, yaani daftari, ya kupokelea. Anayepokea anaandika tarehe, anaweka sahihi, na kama kuna muhuri anaupiga. Hiyo tunaita desharji. Kwa hiyo barua sitini ni miguu ya mtu na pesa za motari, yaani mtu wa pikipiki. Miguu ilikuwa ya binamu yangu mdogo, aliyekuwa anasoma biashara chuoni na alikuwa na maneno mengi kuliko nauli.

Barua zile za kwanza niliziandika kwa Kifaransa, zile sentensi ndefu za "tuna heshima ya kuwajulisha", nikazitia katika bahasha za kaki, na ndani ya kila moja nikaweka biki, yaani kalamu, yenye namba yangu. Kosa la kwanza lilionekana kabla bahasha hazijafunguliwa. Bahasha ya kaki, Kifaransa, na kijana mwenye kaye anayetaka sahihi: kwa mfanyabiashara wa Bukavu huo ni wito au kodi. Masekreteri kumi na mmoja walikataa kabisa kutia sahihi. Mmoja alimwambia binamu yangu, "Mimi sijakuona, na wewe hukuniona."

Kosa la pili lilikuwa biki zenyewe. Nilizinunua soko la Kadutu kwa jumla, bei ya kucheka, nikampelekea mpiga chapa aandike jina. Wiki mbili baadaye alinipigia mwenye famasi mmoja wa Nguba. Nikadhani oda imekuja.

"Ndugu, biki yako imekufa katikati ya jina la dawa," akasema. "Sasa niambie: ekstenkteri yako nayo ni kama biki yako?"

Nilimwomba radhi. Lakini swali lile lilinikaa kichwani kuliko yote niliyowahi kusoma kuhusu kutafuta wateja. Mimi niliona biki ni kitu kidogo cha bure, mtu atashukuru tu. Yeye aliiona ndiyo sampuli ya kazi yangu. Na alikuwa na haki, hakuwa na kingine cha kunipimia.

Binamu yangu hakukata tamaa. Alikuja na hadithi za Marekani alizozipata chuoni. Alinieleza kwamba miaka ya 1880, katika mji wa Coshocton, jimbo la Ohio, mwenye gazeti mmoja aitwaye Jasper Meek alimshawishi muuza viatu agawe mifuko ya shule kwa watoto, imeandikwa watu wanunue viatu vya Cantwell. Mtoto anatembea na tangazo mgongoni hadi shuleni na kurudi. Hiyo niliipenda, kwa sababu mfuko ule ulikuwa na kazi kila siku. Halafu akaniambia kuhusu jarida la Reader's Digest, ambao miaka ya 1950 waliweka senti mbili halisi ndani ya barua za kutafuta wasomaji, senti kwa mamilioni. Mtu anaona pesa, hawezi kuitupa karatasi.

"Na sisi tuweke noti ya franga 50," akasema.

Mwaka ule dola moja ilikuwa kama franga 1,600. Hesabu mwenyewe. Noti ya franga 50 huku hata mtoto wa jirani anakurudishia akidhani umemtukana. Ukiweka noti kubwa basi umeingia katika habari nyingine, ile ya rushwa, ambayo nchi nzima tunaiita madesu ya bana. Hapa ndipo kwetu zawadi ni kitu kigumu kuliko huko Ohio. Ikiwa ndogo mno ni dharau, ikiwa kubwa mno mtu anauliza unataka nini chini ya meza. Lazima iwe kitu ambacho patroni anaweza kukipokea mbele ya wafanyakazi wake bila kuangalia pembeni.

"Basi tuweke kitu kinachoshikika," akasema binamu yangu. "Bahasha ikivimba mtu anaifungua tu. Tena kiwe kinaongea habari ya moto."

Ndipo wazo la kibiriti lilipozaliwa, Julai 2018, na nakiri kwamba niliruka kwa furaha. Tulinunua vibiriti, tukachoma njiti zote moja moja uani huku mke wangu akituangalia kama wagonjwa, tukazirudisha zikiwa nyeusi, na katika kila kisanduku tukaacha njiti moja nzima. Ile nzima ilikuwa ni duka lako ukiwa na ekstenkteri, katikati ya mengine yaliyoungua. Juu tulibandika kikaratasi: "Duka lako litabaki na nini?" Chini yake namba yangu ya simu. Maelezo yote mengine, jina, kazi, bei, yalikuwa katika barua iliyokunjwa kando. Tulituma ishirini na tano.

Wasomaji wenye akili wameshaona shimo. Sisi hatukuliona.

Saa nne niliingia kwa shefu wa kartie. Kibiriti changu kilikuwa mezani, peke yake, kama kidhibiti cha kesi. Kando ameketi patroni, mwenye depo ya vyakula, na nyuma yake ndugu watatu waliosimama na mikono kifuani. Barua haikuwepo. Sekreteri alifungua bahasha, akaweka karatasi kwenye rundo la karatasi, na kile kisanduku akampelekea bosi. Kwa hiyo bosi alipokea njiti zilizoungua, swali kuhusu duka lake, na namba ya mtu asiyemjua. Katika mji ambao wafanyabiashara wameshaokota vikaratasi vya vitisho mlangoni asubuhi.

Shefu, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, alifungua kisanduku akatoa ile njiti nzima. "Na hii moja iliyobaki, maana yake nini?"

Nikaanza kueleza, lakini patroni alinitangulia. "Mimi niliona hiyo moja njo yangu. Kwamba bado zamu yangu."

Nilitoa nakala ya barua mfukoni, nikataja karakana yangu iko wapi, nikampigia mjomba Bujumbura ili athibitishe. Ndugu mmoja alianza kutabasamu, kisha wa pili. Patroni hakutabasamu. Alisema polepole kwamba miaka ya nyuma alikuwa na meza ya biashara Kadutu, ikaungua usiku, na alilala nje na watoto wakitazama mabati yakikunjamana. "Wewe ulinirudisha pale," akasema. "Kwa kibiriti cha franga mia."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Shefu alinikata amande, yaani faini, ya kreti moja ya bia ya Primus na moja ya soda, nikalipa papo hapo. Ndiyo zawadi ghali kuliko zote nilizotoa mwaka ule. Patroni yule hakuwahi kuwa mteja wangu. Tunasalimiana barabarani, basi.

Shefu aliongeza sharti: vile vingine ishirini na vinne, niende mwenyewe nikavieleze kabla mwingine hajaniitia polisi. Nilizunguka siku mbili, na hapo mambo yakageuka kwa namna ambayo sikuipanga. Ukifika mlangoni ukasema "nauza", patroni ametoka. Ukisema "nimekuja kuomba radhi kwa kile kibiriti", pazia linafunguka mara moja, patroni anatoka mwenyewe akitaka kumwona huyo mpumbavu. Wengine walikuwa wameelewa na wakacheka. Wengine walikuwa wamekitupa. Mama mmoja wa hoteli Muhumba alikuwa amekifunga ndani ya Biblia. Lakini karibu wote walinikalisha, na karibu wote walikuwa na habari ya moto wao wenyewe: jiko la jirani, jenereta iliyomwagiwa mafuta ikiwa moto, waya nyuma ya friji.

Na wengi walikuwa tayari na ekstenkteri! Hilo ndilo lililonishangaza. Mwaka mzima nilikuwa nawauzia watu kitu walichonacho. Mwenye kenkayeri mmoja, yaani duka la vifaa vya ujenzi, karibu na Feu Rouge alinionyesha yake kwa fahari, nyekundu, imefutwa vumbi, iko ukutani tangu duka lifunguliwe. Nikatazama mshale. Ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Hii imekufa, Papa."

"Imekufa namna gani? Hatujawahi kuitumia."

Nikamweleza. Ekstenkteri ya unga inasukumwa na gesi, na gesi inavuja kidogo kidogo kama mpira wa baiskeli. Mshale ukiwa kwenye kijani iko hai, ukitoka hapo ni pambo la ukuta. Unga nao ukikaa mwaka bila kutikiswa unaweza kugandamana chini kama sukari iliyopata unyevu. Na zile za gesi ya kaboni, zenye pembe nyeusi mdomoni, hazina mshale kabisa. Hizo zinapimwa kwa mzani, zikipoteza sehemu ya kumi ya gesi yake zinajazwa tena. Alinisikiliza mdomo wazi. Mtu huyu aliendesha biashara ya maelfu ya dola, na hakuna aliyewahi kumwambia atazame mshale. Kati ya zile radhi ishirini na nne nilipata wateja wanne.

Unafikiri nilielewa papo hapo? Bado. Nilikwenda kwanza kununua tochi ndogo thelathini, kwa kuwa umeme unakatika na kila mtu anahitaji tochi. Zilikuwa nzuri, nilizijaribu zote, biki zilikuwa zimenifundisha. Baada ya wiki nilipita jioni karibu na depo moja, nikaona tochi yangu inawaka vizuri, mkononi mwa sentineli, mlinzi wa usiku. Nikapita nyingine, vilevile. Kumbe thelathini ile niliwaangazia masentineli wa Ibanda. Sikuwalaumu. Mtu anayekaa gizani usiku kucha, ukimpa bahasha yenye tochi ampelekee bosi mwenye jenereta, wewe ndiye mwenye kosa.

Mwisho wa mwaka ule nilikaa na binamu yangu tukatengeneza kadi. Karatasi ngumu, imeplastifiwa isiharibiwe na unyevu, ina tundu na kamba ya kuitundika kwenye shingo ya ekstenkteri. Juu tulichora mshale na sehemu ya kijani. Chini visanduku kumi na viwili, kimoja kila mwezi. Kisha mistari mitatu ya Kiswahili: tazama mshale, tazama kama pini na muhuri wake wa risasi viko mahali, ipindue, uigonge chini kwa kiganja, uirudishe. Kwa zile za gesi tuliandika: "Hii haina mshale, niite nije na mzani." Penseli fupi ilifungwa kwa kamba hiyohiyo, maana penseli haifi katikati ya neno. Namba yangu tuliiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo. Binamu yangu aliniomba iwe kubwa, nikakataa. Kadi ile ilikuwa ya mwenye duka.

Bahasha tulichukua nyeupe, na jina tuliandika kwa mkono. Tena jina lenyewe, lililoulizwa kwa jirani au kwa muuza vocha wa nje, maana ubao wa duka unaweza kuwa na jina la mtoto au la mtakatifu. Barua ilikuwa ya Kiswahili, nusu ukurasa, na ilianza hivi: "Papa, kadi hii ni ya ekstenkteri yako, hata kama hukuinunua kwangu." Kuna waliosema barua ya biashara kwa Kiswahili haina heshima. Labda. Lakini ilisomwa hadi mwisho, tena wengine waliisoma kwa sauti wafanyakazi wakisikia. Kuhusu desharji, tuliacha kabisa. Na sentineli alipewa chake kwanza, wazi, mkononi: "Hii ni yako, Papa. Hii nyingine ni ya bosi." Tochi nilizonunua tena zilikuwa za kazi hiyo tu.

Hesabu ilikuwa hivi. Kadi, bahasha, tochi na motari, kila mmoja alinigharimu kama dola moja na nusu. Bahasha arobaini ni dola sitini. Nikijaza ekstenkteri moja ya kilo sita nabaki na dola sita hivi baada ya unga na gesi, kwa hiyo zikijazwa kumi pesa imerudi. Lakini depo haina ekstenkteri moja, ina nne au tano, na mwaka ujao zinarudi zenyewe. Zile kumi nilizipata kwa wateja watatu. Siwezi kusema kadi iliuza. Wengi waliitundika wakaisahau. Ila ilinipa sababu ya kurudi. Baada ya mwezi nilipita nikasema, "Nimekuja kuona kadi." Hakuna aliyeniambia patroni ametoka. Tunakwenda pamoja hadi ukutani, tunatazama mshale pamoja, na anachokiona anakiona kwa macho yake. Mara nyingi sikuhitaji kusema neno.

Bahasha moja ilipotea njia. Binamu yangu aliifikisha kwa mama muuza vitenge Kadutu, kibanda cha mbao, hakina ekstenkteri wala nafasi ya kuiweka. Nilimgombeza, tukasahau. Mwezi wa tano mwaka 2019 mama yule alinipigia.

"Ile kadi yako iko hapa kwenye msumari," akasema. "Nimetia alama nne."

"Alama za nini, Mama? Hauna ekstenkteri."

"Uliandika kila mwezi nitazame. Kila mwezi natazama, naona msumari. Sasa nimechoka kutazama msumari. Lete kitu chake."

Nilimpelekea ya kilo sita, nikiibeba begani kupanda ngazi za Kadutu hadi magoti yakalia. Tulibishana bei nusu saa, akanishusha hadi pale nilipokuwa sitaki kushuka, nikaitundika, nikafunga kadi shingoni mwake. Mama akaitikisa kama nilivyomwonyesha, akatazama mshale, akaridhika. Kisha akaushika mfuko wake wa pesa bila kuufungua.

"Na matabishi yangu?"

Yaani nyongeza ya mnunuzi. Tochi zilikuwa zimeisha. Nikapapasa mifuko, nikapata kibiriti, kimoja cha vile ambavyo hatukuwahi kuvichoma, mke wangu anavitumia jikoni. Mama akakitazama, akanitazama mimi.

"Njo wewe wa vibiriti?"

"Ndiyo, Mama."

Akakifungua, akazihesabu njiti moja moja, akaona zote ni nzima, ndipo akalipa.